Jinsi ya Kukokotoa na Kusoma Mfumuko wa Bei
Mfumuko wa bei ni kasi ya kupanda kwa bei za bidhaa na huduma kwa jumla, wala si nyanya peke yake kupanda bei baada ya mvua kuharibu mashamba. Ili kuukokotoa, chukua fahirisi ya bei, yaani namba inayoonyesha kiwango cha bei kwa jumla, inayotolewa kila mwezi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania, toa fahirisi ya mwezi kama huo mwaka uliopita, gawa tofauti kwa fahirisi hiyo ya zamani, kisha zidisha kwa 100. Kwa mfano, kutoka 110 hadi 115.5 ni asilimia 5. Hapa ndipo wengi hukosea: mfumuko ukishuka hadi asilimia 3, bei hazijashuka, bali zinaendelea kupanda polepole zaidi, na mshahara usioongezwa unazidi kupungua nguvu sokoni.