Kuifanya Wi-Fi Idumu Kwenye Alpine Linux Inayoendeshwa kwa Fleshi

Alpine Linux inapendwa na wenye kompyuta za zamani na vifaa vidogo kama Raspberry Pi kwa sababu mfumo mzima unaweza kukaa kwenye fleshi na kufanya kazi ndani ya RAM, bila kuigusa diski hata kidogo. Wepesi huo una masharti yake: kompyuta ikizimwa, kila kilichobadilishwa ndani ya RAM hupotea. Ndiyo maana mtu anaweza kuunganisha Wi-Fi jioni ikafanya kazi vizuri, na asubuhi akakuta mfumo haulijui hata jina la mtandao wake. Maelezo haya yanahusu hali hiyo hasa. Aliyesakinisha Alpine kwenye diski atafuata hatua hizihizi, isipokuwa zile za kuandaa fleshi na zile zinazohusu amri ya `lbu`, ambayo huhifadhi mipangilio kwenye fleshi.

Hakikisha fleshi inaandikika

Ninaanza na jambo hili kwa kuwa ndilo linalopotezea watu muda zaidi. Ukiandika faili la ISO la Alpine kwenye fleshi kwa amri ya `dd`, fleshi hiyo hubeba mfumo wa mafaili wa ISO 9660, ambao ni wa kusomwa tu. Itawasha kompyuta bila shida, lakini haitapokea mipangilio yako, hata ukirudia mara ngapi. Njia nzuri ni kuwasha kompyuta kwa fleshi hiyo, kuchomeka fleshi ya pili iliyofomatiwa kwa FAT32, kisha kutumia amri ya `setup-bootable` kuhamishia mfumo kwenye hiyo ya pili. Baada ya hapo endesha `setup-alpine`, na inapouliza mahali pa kuhifadhi mipangilio na mahali pa kuweka akiba ya vifurushi, taja fleshi hiyo inayoandikika. Akiba ya vifurushi usiipuuze, kwa sababu bila hiyo programu za Wi-Fi utakazoongeza zitahitaji kupakuliwa upya kila kompyuta inapowaka, ilhali wakati huo hakuna mtandao wa kuzipakulia.

Kadi itambuliwe

Ingia kama `root`, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, kisha andika `ip link`. Ukiona `wlan0`, ambalo ndilo jina la kadi ya Wi-Fi, endelea na hatua inayofuata. Isipoonekana, usianze kuhariri mafaili ya mtandao, kwani tatizo liko chini zaidi. Andika `dmesg | grep -i firmware` usome majibu. Ujumbe wenye maneno `Direct firmware load` na kumalizikia na `failed with error -2` una maana kwamba kerneli (kiini cha mfumo) imeiona kadi na dereva wake yupo, lakini faili la fimwea, yaani programu inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe, limekosekana; hiyo -2 ni namba ambayo Linux huitumia kusema kwamba faili halipo. Kagua kwanza kama hukupakua toleo la `virt`, ambalo limepunguzwa kwa ajili ya mashine pepe na halifai kwa kadi halisi za Wi-Fi. Tumia toleo la `standard`, au toleo maalumu la Raspberry Pi kama kifaa chako ni hicho. Kwa aliyesakinisha kwenye diski, fimwea huongezwa kama vifurushi vingine. Kwa mfano, adapta za USB zenye chipu ya Atheros AR9271 huhitaji `linux-firmware-ath9k_htc`. Chipu hiyo, kwa njia, haisikii masafa ya GHz 5, kwa hiyo ruta iwe inatangaza pia kwenye GHz 2.4.

Programu zinazohitajika

Zinatosha mbili, `wpa_supplicant` inayojiunga na mtandao na `iw` ya kukagua na kupanga kadi: `apk add wpa_supplicant iw`. Kama hazimo kwenye fleshi yako na huna waya wa mtandao, simu ya Android itakusaidia. Iunganishe kwa waya wa USB, washa ndani ya simu chaguo la kugawa intaneti kwa USB, kisha angalia tena `ip link`. Kwa kawaida patatokea `usb0`. Andika `ip link set usb0 up`, ikifuatiwa na `udhcpc -i usb0` (inayoomba anwani ya IP), na utaweza kupakua vifurushi hivyo kwa bando la simu. Ni vidogo.

Faili la mtandao

Chukulia kwamba mtandao wako unaitwa Nyumbani. Andika:

`wpa_passphrase 'Nyumbani' > /etc/wpa_supplicant/wpa_supplicant.conf`

Amri itasubiri bila kuonyesha chochote. Charaza nenosiri, lenye herufi 8 hadi 63, kisha bonyeza Enter. Kulicharaza kwa namna hii ni bora kuliko kuliweka ndani ya amri yenyewe, kwa sababu haliachwi kwenye kumbukumbu ya amri zilizopita. Fungua faili hilo kwa kihariri cha `vi`, ufute mstari unaoanza na `#psk=`, ambao umeliweka nenosiri lako wazi, kisha ongeza mistari miwili ya juu ili faili lisomeke hivi:

```
ctrl_interface=/run/wpa_supplicant
country=TZ

network={
        ssid="Nyumbani"
        psk=(tarakimu 64 zilizotolewa na amri)
}
```

Aliyeko Kenya ataandika `KE`, na kwingineko vivyo hivyo kwa msimbo wa nchi husika. Mstari huo ndio unaoieleza kadi ni chaneli zipi zinaruhusiwa. Ukikosekana, ruta iliyowekwa kwenye chaneli ya 12 au 13 inaweza isionekane kabisa. Zile tarakimu 64 hukokotolewa kutokana na nenosiri pamoja na jina la mtandao, kwa hiyo ukibadilisha jina la mtandao peke yake, utalazimika kuzitengeneza upya hata kama nenosiri ni lilelile. Fahamu pia kwamba anayezipata anaweza kuunganishwa nazo bila kulijua nenosiri. Lifunge faili kwa `chmod 600`, na fleshi yenyewe itunzwe. Mtandao unaoficha jina lake utahitaji `scan_ssid=1` ndani ya mabano. Ule unaokubali WPA3 (ulinzi mpya zaidi wa Wi-Fi) peke yake hautumii tarakimu hizo: unataka nenosiri lenyewe ndani ya alama za kunukuu, pamoja na `key_mgmt=SAE` na `ieee80211w=2`.

Kabla ya kuamini, jaribu kwa mkono:

`ip link set wlan0 up`
`wpa_supplicant -i wlan0 -c /etc/wpa_supplicant/wpa_supplicant.conf`

Ukijibiwa kwamba haiwezekani kwa sababu ya RF-kill, yaani redio ya kadi imezuiwa, andika `rfkill unblock wifi`, na kwenye laptopu tazama kama kuna swichi ya Wi-Fi iliyozimwa. Unachokitafuta kwenye skrini ni `CTRL-EVENT-CONNECTED`. Ukiona `WRONG_KEY`, nenosiri limekosewa. Sitisha kwa Ctrl na C.

Iamke yenyewe

Katika `/etc/network/interfaces`, chini ya sehemu ya `lo`, ongeza:

```
auto wlan0
iface wlan0 inet dhcp
        post-up iw dev wlan0 set power_save off
```

Mstari wa mwisho huzima uokoaji wa umeme wa kadi, ambao kwenye baadhi ya kadi hukata au kudumaza mawasiliano kifaa kikikaa kimya. Kwa kifaa kinachotumika kama seva ndogo, mimi siuachi. Kwa laptopu inayotegemea betri, uamuzi ni wako. Sasa ziandikishe huduma:

`rc-update add wpa_supplicant boot`
`rc-update add networking boot`
`rc-update add wpa_cli boot`

Huduma ya tatu husahaulika mara nyingi. Umeme wa ruta ukikatika na kurudi, `wpa_supplicant` hujiunga tena yenyewe, lakini anwani ya IP ni suala jingine. Huduma ya `wpa_cli` ndiyo inayosikiliza tukio hilo na kuendesha hati ya `/etc/wpa_supplicant/wpa_cli.sh`, ambayo huiamuru `udhcpc` iombe anwani upya. Huduma hiyo hupita kwenye mlango uliofunguliwa na ule mstari wa `ctrl_interface`, kwa hiyo usiuondoe. Hakikisha pia hati hiyo ina ruhusa ya kuendeshwa.

Hifadhi

Andika `lbu status` uone orodha ya mafaili yaliyobadilika. Faili la `wpa_supplicant.conf` na lile la `interfaces` yawemo. Kisha andika `lbu commit -d`. Kilichomo ndani ya `/etc` kitakusanywa kwenye faili moja linaloishia na `.apkovl.tar.gz`, ambalo mfumo hulitafuta kila unapowaka. Herufi `-d` hufuta nakala zilizotangulia. Saraka zilizo nje ya `/etc` hazihifadhiwi mpaka uzitaje kwa `lbu include`.

Washa kompyuta upya bila waya wowote wa mtandao, kisha andika `iw dev wlan0 link` kuona kama umeunganishwa, na `ip addr show wlan0` kuona kama anwani imepatikana. Ukifaulu hapo, zima ruta kwa dakika chache, iwashe, na urudie amri hizo mbili. Siku nenosiri la ruta litakapobadilishwa, tengeneza tarakimu mpya, zibandike mahali pa zile za zamani, kisha endesha `lbu commit -d` kabla ya kuzima kompyuta.