Somo: Namna ya kuandaa jioni ya hadithi za mizimu Gede

Wanaosikia habari za vikao vya kikundi chetu huniuliza swali moja: "Mnalala kule ndani?" Hatulali. Lango la Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi, hufungwa jioni, na hata lingeachwa wazi nisingewashauri. Kikao kilichotunogea kuliko vyote tulikifanya chini ya banda la makuti nje kabisa ya magofu, watu wameshiba, kahawa iko jikoni, na kila mtu bado ana picha ya zile kuta kichwani. Basi utaratibu wetu ndio huo: magofu mchana, hadithi usiku, tena pengine.

Hatua ya 1: Chagua mahali penye habari

Nyumba yoyote iliyobomoka inaweza kusingiziwa jini. Ila ukiwakusanya watu kumi na tano kwenye gofu lisilo na habari, nusu saa haiishi wameshatoa simu zao. Gede ina habari ya kutosha mwaka mzima. Mji ulianza kama karne ya 12, ukahamwa katika karne ya 17, na msitu ukaufunika. Kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Nyumba zake zimepewa majina ya vitu vilivyofukuliwa humo: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, na kadhalika. Simama mlangoni pa Nyumba ya Mkasi ujiulize ni nani aliyeondoka mbiombio hata akausahau mkasi wake. Hadithi imeshaanza hapo, na jini bado hajatajwa.

Kinachonitisha mimi zaidi ni kimya cha Wareno. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na wenzake wakakaa pale miaka mingi, mwendo wa kilomita kama 15 tu kutoka Gede. Mji wenye jumba la mfalme, msikiti mkuu na vyombo vya kaure kutoka Uchina, nao katika maandishi yao hawautaji. Wataalamu wana maelezo yao: mji uko ndani, mbali na pwani, labda waliujua kwa jina jingine. Sawa. Lakini hayo msimulie mtu saa tatu usiku uone kama hatageuka kutazama nyuma.

Tena si wenyeji tu wanaosema pana kitu. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba pale mwaka 1948, aliandika kwamba mwanzoni alihisi kama mtu au kitu kinamchungulia kutoka nyuma ya kuta, hakina uadui wala urafiki, kinangoja tu. Na huyo ni mtu wa koleo na daftari.

Hatua ya 2: Ruhusa, na salamu

Gede iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na tangu 2024 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nendeni ofisini siku chache kabla, mseme mko wangapi na mnataka nini. Ulizeni malipo yanafanywaje, na kila mtu abebe kitambulisho, maana mwananchi na mgeni hawalipi sawa. Chukueni mwongozaji wa pale pale. Msimwambie "tuonyeshe majini". Mwambieni awaonyeshe mji, majini mtayafikia wenyewe.

Ruhusa ya pili haiandikwi. Wazee wa Kigiriama wa maeneo yale hulihesabu eneo hili kuwa lina wenyewe, na wanaamini anayeliharibu hufuatwa na mkosi. Makaburi nayo ni ya Waislamu. Kwa hiyo ukifika penye makaburi toa salamu, usikalie ukuta wa kaburi, usiegemee nguzo yake ili upigwe picha. Anayeamini na asiyeamini wote watoe salamu. Adabu haina gharama.

Hatua ya 3: Watu na usafiri

Msizidi kumi na watano. Wanaotoka Mombasa wapande matatu ya Malindi washukie Gede; kutoka barabarani mnaweza kutembea au kuchukua tuktuk. Muwe langoni saa tisa alasiri. Viatu vya kufunika vidole, maji, dawa ya mbu. Chakula kisionekane, kwa sababu kima wa pale wameshazoea watu na watakupora mahamri yako mchana kweupe.

Hatua ya 4: Matembezi

Hesabu watu langoni, hesabu tena mkifika Msikiti Mkuu, hesabu mkitoka. Miti imeshikana, njia zinafanana, na mtu mmoja akibaki nyuma kupiga picha mnapoteza saa nzima.

Waache watu watembee dakika kumi bila kuzungumza. Utasikia majani makavu yakikwaruzwa karibu na mguu wako na hakuna mtu. Mara nyingi ni sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga. Waambieni watu ukweli huo hapo hapo. Wengine hudhani ukieleza unaharibu uhondo; mimi naona kinyume. Anayejua sauti ya sange na ya kima ndiye atakayeshtuka vizuri akisikia sauti ya tatu.

Msiokote kitu. Hata kigae. Wapwani tunakumbuka habari za vigango, nguzo za kuwakumbuka wazee waliokufa, zilizoibwa na kuuzwa ng'ambo. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa kutoka Marekani mwaka 2007, na wenyewe walieleza balaa walizozipata katika miaka hiyo yote. Kama huogopi koma, yaani roho za wazee hao, basi ogopa sheria ya mambo ya kale.

Hatua ya 5: Kikao chenyewe

Tafuteni banda, ua wa mwanachama, au baraza ya nyumba ya wageni iliyo karibu, na mwenyeji ajue mapema mtazungumza nini. Kuna wenyeji wasiotaka majini yatajwe nyumbani kwao usiku, na hiyo ni haki yao. Mle kwanza: mahamri kwa mbaazi, viazi karai, kahawa tungu na kashata. Mwenye njaa hasikilizi.

Taa iwe moja, ya chemli au mshumaa ndani ya gilasi, na iwekwe mbele ya msimulizi, usoni pasipate mwanga mwingi. Simu zikusanywe kwenye kikapu. Fungueni kama bibi zetu walivyofungua: "Paukwa!" "Pakawa!" "Sahani?" "Ya mchele." "Giza?" "La mwizi." Mgeni aliyekuja amekunja uso, ukishamwitikisha mara tatu amekwisha kuwa wenu.

Kila msimulizi ana dakika kumi. Aanze kwa kusema kaipata wapi: niliambiwa na shangazi, nilisikia Lamu, niliona mwenyewe. Hatumhoji mtu hadithi ikiwa inaendelea. Na asikimbilie kutisha. Yule mwanamke mrembo wa barabarani Mombasa ambaye ukitazama chini ana kwato, sote tunamjua. Anayemsimulia vizuri hutumia dakika nane kwenye buibui lake, harufu ya udi na bei ya teksi, kisha kwato zinaingia kwa sentensi moja na anakaa kimya. Anayemsimulia vibaya hutaja kwato mwanzo.

Sheria mbili ambazo kwangu hazina mjadala. Ya kwanza: hakuna kutaja mtu aliye hai kuwa mchawi, hata kwa mafumbo. Hapa Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu nywele zao ni nyeupe. Neno la mzaha kwenye mkeka likifika kijijini linaweza kuwa panga. Semeni mizimu, majini, popobawa wa Pemba, si jirani. Ya pili: hakuna kuvizia wenzenu. Katika kikao chetu cha kwanza kijana mmoja alijifunika shuka akatokea nyuma ya banda. Mama mmoja aliruka, akateguka mguu, tukaumaliza usiku tunatafuta barafu. Kijana alidhani tutacheka.

Hatua ya 6: Kufunga

Hadithi ya mwisho iwe ya kuchekesha. Usafiri uwe umelipiwa kabla, na hakuna anayerudi peke yake.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo. Mimi ni Muislamu, mume wangu anasema huko ni kuchezea ushirikina. Nimjibu nini?*

Marahaba, mwanangu. Mwambie hatuiti, hatufukizi, hatuagui, wala hatuombi kitu kaburini. Tunasikiliza hadithi. Siku mtu atakapoleta ubao wa kuita roho au mganga, mimi ndiye nitakayeondoka wa kwanza. Akija naye atakaribishwa. Waume wenye shaka huwa ndio wasimulizi wazuri.

*Tuna kikundi Malindi. Tunafikiria kwenda Shakahola, maana watu wanasema usiku husikika vilio.*

Hapana. Mwaka 2023 ndipo ilipofukuliwa miili zaidi ya 400 katika msitu ule. Hao ni watu wenye mama na watoto wanaoishi nasi. Gede ina miaka mia kadhaa ya kupoa, Shakahola haijapoa hata kidogo. Mkitaka kwenda, nendeni kuwafariji waliofiwa.

*Naweza kuja na mtoto wa miaka minane?*

Matembezi ya alasiri, ndiyo, atawapenda kima. Usiku, hapana. Mtoto hulala na hadithi, wewe unalala na mtoto anayelia.

*Tulipokuwa barazani mwezi jana tulisikia mtoto mchanga akilia mtini. Wote tulisikia. Ilikuwa nini?*

Komba. Analia hivyo hasa, na akikaa mti wa karibu nywele zinasimama. Mulika tochi juu, utaona macho mawili mekundu yanaruka. Kama macho hayakuruka, niandikie.

*Wewe mwenyewe, kwa miaka yote hiyo, umewahi kuona kitu?*

Kuona, hapana. Lakini mara moja nilihesabu watu kumi na wanne langoni na kumi na wanne tulipotoka. Pale Msikiti Mkuu nilihesabu kumi na tano, nikarudia, kumi na tano. Hesabu yangu si nzuri, waulize wanaonidai. Ila siku hizi daftari la majina analishika mtu mwingine.