Kuzalisha chotara wa mpopla, na chotara wa mwerebi, kwenye ndoo ya maji

Watu wanadhani kuchanganya miti ni kazi ya maabara, hapana jamani. Mimi nafanya kila mwaka mwezi wa pili huku Ontario, Kanada, nje theluji imejaa, na vifaa vyangu ni ndoo mbili, brashi ndogo ya rangi na karatasi za daftari. Mpopla (poplar) na mwerebi (willow) ni ukoo mmoja na wote wana tabia ya mpapai, yaani kuna mti dume na kuna mti jike, kwa hiyo hakuna shida ya kukaa na kibano unanyofoa stameni, yaani sehemu za kiume, za ua moja moja.

Kabla hujakata tawi chagua wazazi, hapa ndipo wengi wanaharibu. Mpopla mweupe na aspeni, nayo ni aina ya mpopla, ni kundi moja, wanashika vizuri tu. Kotonwudi (mpopla mwingine) na mpopla wa balsamu ni makundi tofauti lakini bado wanapatana, na chotara wao hukua kwa kasi balaa, mtaalamu wa mimea Augustine Henry aliwachanganya pale bustani ya Kew, Uingereza, mwaka 1912 na uzao huo ukaitwa generosa. Sasa jaribu aspeni na kotonwudi uone, chavua, ule unga wa ua dume, inagoma palepale kwenye ua, paka mpaka brashi iishe manyoya. Na mpopla kwa mwerebi sahau kabisa, ingawa kila mmoja ana seti ya kromosomu 19 na wote wamerithi jenomu (seti nzima ya vinasaba) iliyojirudufu kwa babu yao mmoja mamilioni ya miaka iliyopita, kabla hawajaachana. Mimi hicho ndicho kinanivutia kwenye hii kazi, brashi ya bei rahisi inakuonyesha undugu umefika mbali kiasi gani.

Halafu angalia nani anakuwa mama! Kotonwudi jike akipewa chavua ya mpopla mweusi wa Ulaya anazaa, geuza mweusi awe mama na karibu kila mara unatoka patupu. Kwa mierebi hesabu kromosomu kwanza, mwerebi aitwaye viminalis ana 38, mwerebi mweupe ana 76, mtoto wao akipatikana anabeba 57 na yeye mwenyewe kuzaa inakuwa shida.

Haya, kazi. Kata matawi ya kama mita moja miti ikiwa bado imelala, yenye vitumba vinene vya duara, vile vyembamba vyenye ncha ni vya majani havitusaidii. Yasimamishe kwenye ndoo za maji, dume chumba kimoja na jike chumba kingine na mlango ufungwe, manake chavua ya mpopla ni unga unaopeperuka na upepo, ukikohoa tu imefika. Dume anza naye siku kadhaa mapema ili vimkia vyake, vile vishada vya maua, vimwage unga juu ya karatasi, ukusanye, ukaushe, weka kwenye kichupa ndani ya friji. Jike akifungua maua utaona ncha zake zinang'aa kama zimelowa, hapo ndipo unapaka kwa brashi, rudia kesho yake. Mwerebi yeye anatoa na nekta pia kwa hiyo funga dirisha, nyuki akiingia na chavua za jirani baba wa mtoto humjui tena.

Badilisha maji kila siku mbili tatu na ukate kipande kidogo cha chini ya tawi. Aspeni na mwerebi wanakomaza mbegu ndani ya wiki chache, tawi linavumilia. Kotonwudi anachukua miezi, tawi linakufa kabla, huyo lazima umuunganishe kwenye mche wenye mizizi, wewe mwaka wako wa kwanza wa kazi hii mwache tu.

Ukiona ile pamba inayobeba mbegu inatoka, panda siku hiyohiyo. Mbegu ni vumbi tu, haina akiba ya chakula ndani, ukisema utapanda wikendi ijayo unaweza kukuta zimeshakufa. Zimwage juu ya mchanga uliolowa, usizifukie, nyunyizia maji taratibu, siku moja au mbili zinaota. Ndio maana mpopla wetu wa Kenya, ule wa kingo za mto Tana, unahitaji mchanga mbichi ulioachwa na mafuriko. Ni ndugu wa karibu wa mpopla wa mto Frati, ambao wataalamu wengi wanaamini ndio ile miti ya Babeli ambako Waisraeli mateka walitundika vinubi, Zaburi 137. Huo wa Tana uko hatarini kutoweka, tafadhali msiende na panga.

Kujua kama kweli umepata chotara subiri majani ya mwaka wa pili. Kikonyo (kijiti kinachoshika jani) cha kotonwudi ni bapa ndio maana majani yanatetemeka, cha balsamu ni cha mviringo na jani lake chini ni jeupe, mtoto wa kweli anakaa katikati. Akifanana na mama kila kitu, basi nenda kaangalie lile dirisha.