Kabla ya Juni: kuiandaa seva ya kanzidata kwa msimu wa wageni Arusha

Kampuni nyingi za utalii za Arusha huelemewa na kazi kwa mkupuo. Kuanzia Juni hadi Oktoba magari hayapumziki, na mfumo wa kuweka nafasi, ambao wakati wa masika ulikuwa ukitumiwa na watu watatu au wanne kwa pamoja, hujikuta ukihudumia ofisi nzima, mawakala walioko Ulaya na Marekani, na madereva wanaotafuta ratiba zao kwenye simu. Hapo ndipo seva ya kanzidata, yaani kompyuta inayotunza data za mfumo huo, inapoanza kusuasua na kila mtu kumgeukia fundi wa mifumo. Mambo yanayoelezwa hapa yanapaswa kuwa yamekamilika kabla ya siku hiyo, kwa sababu kutafuta chanzo cha mzigo ni kazi ya kulinganisha, na asiyejua seva yake huwaje ikiwa nzima hana cha kulinganisha nacho.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuchukua vipimo vya siku ya kawaida, tuseme Jumatatu asubuhi ya Mei ambapo hakuna aliyelalamika. Viandikwe wastani wa mzigo, kiasi cha prosesa kinachotumika, muda unaopotea kwa kusubiri diski, kumbukumbu ya RAM iliyobaki, idadi ya miunganisho iliyo wazi, na muda unaochukuliwa na kurasa mbili tatu zinazotumiwa zaidi. Vipimo hivyo visihifadhiwe ndani ya seva hiyohiyo, kwani siku itakayogoma kuitika havitafikika.

Kati ya vipimo hivyo, wastani wa mzigo ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Ni zile namba tatu zinazotolewa na amri ya uptime au top, za dakika 1, 5 na 15 zilizopita. Katika Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi, namba hizo hazihesabu tu kazi zinazotumia prosesa au zinazoisubiri, bali pia kazi zilizokwama kwenye usingizi usiokatizika, ambao mara nyingi ni kusubiri diski. Tuchukue seva yenye kori 4 inayoonyesha mzigo wa 12. Ikiwa mstari wa prosesa kwenye top unaonyesha asilimia 90 chini ya us (muda unaotumiwa na programu), seva inapiga hesabu kwelikweli, na mara nyingi kuna swali, yaani ombi la data kutoka kwenye programu, linalopekua jedwali zima. Lakini ikiwa sehemu kubwa ya prosesa imekaa bure na namba iliyopanda ni ile ya wa (muda wa kusubiri), basi kinachosubiriwa ni diski, na kuongeza prosesa, jambo ambalo wauzaji wa seva za kukodi hulipendekeza kwa haraka sana, hakutasaidia chochote. Mzigo uleule, tiba mbili zisizofanana.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni kuwasha mapema rekodi ya maswali ya polepole. MySQL, mojawapo ya programu mbili za kanzidata zinazozungumziwa hapa, huja rekodi hiyo ikiwa imezimwa, na hata ikiwashwa kiwango chake cha mwanzo, long_query_time, ni sekunde 10, ambazo kwa mteja aliyeshika simu ni muda mrefu mno. Sekunde 1 inafaa zaidi kwa kuanzia. Katika PostgreSQL, ambayo ni ya pili, mpangilio wa log_min_duration_statement huanza na -1, yaani hakuna kinachoandikwa. Kiendelezi cha pg_stat_statements, ambacho hujumlisha muda uliotumiwa na kila aina ya swali, kinahitaji kutajwa kwenye shared_preload_libraries na kanzidata kuwashwa upya ndipo kianze kazi. Hiyo ndiyo sababu hakiwezi kuachwa hadi siku ya tatizo: hakuna atakayekubali kanzidata izimwe Julai, saa nne asubuhi, ili tu fundi apate zana ya kupimia. Na kinapokuwa tayari, litazamwe swali linalokula muda mwingi kwa jumla, si lenye muda mrefu kwa mara moja. Ripoti ya sekunde 40 inayoombwa mara moja kwa wiki haiumizi kama swali la milisekunde 300 linaloulizwa kila mtu anapofungua ukurasa.

Maswali yenyewe yapitiwe Mei kwa amri ya EXPLAIN, inayoonyesha jinsi kanzidata itakavyolitekeleza swali, na kwenye mifumo ya kuweka nafasi makosa mawili hujirudia. La kwanza ni utafutaji wa mgeni kwa kipande cha jina, ambapo programu huandika LIKE '%meyer%'. Alama ya asilimia ikitangulia, faharasa ya kawaida (orodha iliyopangwa ya kutafutia haraka) haitumiki, na kanzidata hulazimika kusoma wageni wote waliowahi kuandikishwa tangu kampuni ianze. La pili limejificha zaidi: swali linalotaka safari za mwaka mmoja, tuseme 2025, huandikwa kama YEAR(tarehe_ya_kuwasili) = 2025, nalo pia huizuia faharasa iliyo juu ya tarehe kutumika, kwa sababu kila tarehe lazima ipitishwe kwanza kwenye hesabu hiyo. Swali likiandikwa kwa mipaka, yaani tarehe isiyo chini ya 2025-01-01 na iliyo chini ya 2026-01-01, jibu ni lilelile na faharasa inatumika. Hapa ni vizuri kutahadhari kwamba EXPLAIN ANALYZE huliendesha swali kwelikweli. Katika PostgreSQL, anayeipima nayo amri ya kufuta atakuwa amefuta, isipokuwa kama ameiweka ndani ya muamala (kundi la amri zinazokubaliwa au kutanguliwa kwa pamoja) atakaoutangua.

Kisha kuna miunganisho. MySQL huanza na kikomo cha 151 na PostgreSQL huanza na 100, na kila muunganisho wa PostgreSQL ni mchakato unaojitegemea wenye gharama yake ya kumbukumbu. Hesabu yake ni rahisi lakini haifanywi: kama kuna michakato 6 ya programu ya wavuti na kila mmoja umeruhusiwa kufungua miunganisho 20, jumla ni 120, na PostgreSQL yenye mipangilio ya mwanzo itakataa miunganisho mipya kabla mzigo haujawa mzito. Kanzidata zote mbili humwachia msimamizi nafasi ya akiba ili aweze kuingia hata milango ikiwa imejaa. Akiba hiyo haina maana pale programu yenyewe inapoingia kwa jina la msimamizi mkuu, root au postgres, kama inavyofanyika kwenye mifumo mingi iliyosimikwa kwa haraka, kwa sababu programu itaila pamoja na nafasi nyingine.

Kikomo kisipofikiwa, bado watu wanaweza kusubiriana. Mhudumu wa dawati anafungua fomu ya kurekebisha safari ya siku tano ya Tarangire na Ngorongoro. Programu iliyoandikwa vibaya inaanzisha muamala na kuifunga safu (mstari wa jedwali) ya gari husika, wengine wasiweze kuibadilisha. Mhudumu anainuka kwenda kunywa chai. Mwenzake wa chumba cha pili anayetaka kulipangia gari hilo kazi nyingine anaona ukurasa unazunguka tu, ilhali prosesa na diski zote ziko kimya. Katika PostgreSQL hali hiyo huonekana kwenye pg_stat_activity kama idle in transaction (muamala ulio wazi bila kazi), na kuna mpangilio wa idle_in_transaction_session_timeout wa kuikata, ambao haufanyi kazi mpaka upewe muda. Katika MySQL anayesubiri kufuli ya safu hukata tamaa baada ya sekunde 50. Dakika chache zinafaa kwa muda wa kukata wa PostgreSQL, lakini kwanza ithibitishwe kwamba programu inajua kujiunganisha tena.

Saa ya seva nayo ikaguliwe. Seva nyingi za kukodi huwekwa kwenye saa ya UTC, nasi tuko mbele yake kwa saa tatu. Katika Debian na Ubuntu, faili ya crontab, yenye ratiba ya kazi za kujiendesha, huzipangia kazi za kila siku saa 06:25. Hiyo ikiwa ni UTC, hapa kwetu ni saa 3:25 asubuhi, wakati ofisi zote za mjini zimekwisha kufunguliwa. Nakala rudufu ikiwa imechomekwa humo, itasoma kanzidata nzima kila siku ya kazi katika saa yenye shughuli nyingi, na malalamiko ya "mfumo huwa mzito asubuhi" yatahusishwa na intaneti kwa miezi. Saa ya utulivu itafutwe kwenye vipimo vya Mei, tukikumbuka kwamba usiku wetu ni alasiri na jioni ya mawakala wa Marekani.

Kuhusu kumbukumbu ya RAM itoshe kusema kwamba innodb_buffer_pool_size ya MySQL na shared_buffers ya PostgreSQL, yaani RAM inayotengewa data inayosomwa mara kwa mara, zote huanza na megabaiti 128, kiasi kisicholingana na seva yoyote ya leo. Kwa mashine inayoendesha PostgreSQL peke yake, robo ya RAM ni mwanzo unaopendekezwa. InnoDB, sehemu ya MySQL inayohifadhi data, inaweza kupewa zaidi ya nusu.

Diski nayo: MySQL 8.0 hutunza kumbukumbu za binari, yaani rekodi za mabadiliko ya data, kwa siku 30 isipoelekezwa vinginevyo, na mwezi wa msimu huandika mengi kuliko mwezi wa mvua.

Umbali pia hufanana sana na uzito wa kanzidata. Ofisi ikiendesha programu kwenye kompyuta iliyopo Arusha na kanzidata ikiwa Ulaya, kila swali hulipa nauli ya kwenda na kurudi. Kama nauli hiyo ni milisekunde 150 na ukurasa mmoja unauliza maswali 200, moja baada ya jingine, ukurasa huo utachukua sekunde 30 hata seva ikiwa haina kazi nyingine duniani. Programu na kanzidata yake zikae jirani.

Lililobaki ni makubaliano ya watu. Iandikwe mapema nani ana ruhusa ya kusimamisha swali linaloendelea na nani anaweza kuwasha seva upya, na ruhusa hiyo isimtegemee mkurugenzi ambaye Julai huenda yuko Serengeti na wageni wake. Iandikwe pia kwamba kabla ya kuwasha upya, ushahidi unakusanywa: nakala ya top, ya iostat (inayoonyesha kazi za diski), na ya SHOW FULL PROCESSLIST au pg_stat_activity (zinazoorodhesha miunganisho na maswali yanayoendelea), kazi isiyozidi dakika mbili. Kuwasha upya hufuta orodha ya waliokuwa wakisubiriana, na zaidi ya hapo huondoa data iliyokuwa tayari kwenye RAM, hivyo seva yenye tatizo la diski huweza kurudi ikiwa nzito kuliko ilivyokuwa.

Faharasa mpya zote zilizoonekana kuhitajika zijengwe Mei. Amri ya kujenga faharasa, CREATE INDEX, ya kawaida katika PostgreSQL huzuia uandishi kwenye jedwali hadi imalize. Ikiongezwa CONCURRENTLY haizuii, ila ikishindikana katikati huacha faharasa batili ambayo ni lazima ifutwe kabla ya kujaribu tena. InnoDB huruhusu uandishi uendelee wakati wa ujenzi, lakini huhitaji kufuli fupi mwanzoni na mwishoni, na muamala mmoja uliosahauliwa wazi unatosha kuizuia, huku maswali mapya ya jedwali hilo yakijipanga nyuma yake. Kwa hiyo orodha ya miamala iliyo wazi hutazamwa kwanza, ndipo amri inapotolewa.