Kumpokea Kuku Aliyepotea Bila Kuwadhuru Wako

Katika mitaa iliyosongamana ya Mombasa, kama Majengo au Kisauni, kuku asiye wako akiingia uani, anza kwa kuwauliza majirani na mzee wa mtaa, kwani huenda mwenyewe anamtafuta. Asipojitokeza mtu, mpokee, lakini usimchanganye na kuku wako hata akionekana mzima, maana kideri (ugonjwa wa kuku uitwao pia Newcastle) huweza kujificha mwilini kwa takriban wiki mbili kabla ya dalili kuonekana, hakina tiba, na kikiingia bandani huweza kuua karibu kuku wote wasiochanjwa. Hili, kwa maoni yangu, ndilo jambo lisilostahili kubahatishwa kamwe. Mtenge kwa wiki tatu hadi nne katika tundu lililo mbali na banda, awe na chombo chake cha maji, na umhudumie wa mwisho kila siku, kisha unawe mikono na kubadilisha viatu. Mkague chini ya mbawa kama ana chawa au utitiri. Ratiba ya chanjo muulize daktari wa mifugo. Tundu liwe kivulini kwa sababu ya joto la pwani, nalo lifunikwe kwa waya hata juu, kwani kunguru hunyakua vifaranga mchana kweupe.