Ndugu yako ana saratani na ameajiriwa? Asikimbilie kuacha kazi

Wengi wakipata majibu ya saratani huandika barua ya kuacha kazi wiki ileile, kwa hofu au kwa kuona aibu mbele ya bosi. Tafadhali mzuie kwanza. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Sharti ni cheti cha daktari, na hapa ndipo unapoweza kumsaidia sana. Mgonjwa aliyetoka kwenye dripu ya kemo hana nguvu ya kufuatilia makaratasi. Wewe chukua ED (cheti cha daktari cha kumpumzisha kazi) kila anapotibiwa, toa nakala, peleka ofisini, na uhakikishe nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Hesabu siku zilizotumika, ili nusu mshahara isiwakute hamjajipanga na kodi ya nyumba. Gharama zikizidi, nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini kabla hamjauza kiwanja.