Ukiwasha VPN, chagua seva ya karibu
Kwa mnaotumia Wi-Fi ya mikahawa pale Oginga Odinga Street, Kisumu, halafu simu inakwama mkiwasha VPN (programu inayopitisha mtandao wenu kwenye kompyuta ya mbali, yaani seva): fungua orodha ya nchi ndani ya programu, uondoe Marekani, uweke Kenya. Kenya ikikosekana, weka Afrika Kusini. Programu nyingi huonyesha milisekunde, yaani muda wa kufika na kurudi, kando ya kila seva. Chukua yenye namba ndogo. Ukibaki na seva ya Marekani, hata ukurasa wa gazeti la Nairobi lazima ushuke Mombasa, uvuke bahari kwa kebo hadi kwenye seva, kisha urudi njia ileile. Kisha pima kasi kwa fast.com, VPN ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa.

Usitarajie VPN iongeze kasi. Hilo hutokea hasa pale kampuni ya mtandao inapobana huduma fulani, kama video, kwa sababu haioni tena unachotazama. Kama mtandao wenyewe ni dhaifu au bando imeisha, haisaidii kitu, na yenyewe hula data kidogo zaidi.

Kuhusu faragha, mwenye Wi-Fi hataona tovuti unazofungua, lakini mwenye VPN anaweza kuziona. Ndiyo maana mimi siamini za bure zisizosema zinapata wapi pesa. Na ukiwa umeingia kwa akaunti yako ya Google au Facebook, bado wanakujua ni wewe. Programu ya benki ikikataa kufunguka, zima VPN na utumie data ya laini yako.